Uingereza au Ujerumani? Nimeishi kote kuwili, leo nawajibu wote kwa pamoja

Tangu niweke status ile picha ya kufaulu mtihani wa katikati wa Ausbildung yangu ya uuguzi, yani mafunzo ya kazi huku unalipwa, hapa Leipzig, Ujerumani, simu haipumziki. Asanteni sana kwa pongezi, hata nyie ambao mwaka 2023 mlikuwa mnaulizana kwenye magrupu "kwani yule dada karudishwa Uingereza au?", nimeona mmeweka makopa na maua, Mungu awabariki.

Sasa kati ya hizo meseji kuna moja imenikaa kichwani. Ni ya mdogo wangu mmoja yuko Mbeya, kaandika hivi, "Shikamoo dada, kuna ajenti anasema nikimpa milioni kumi na tano ananitolea CoS (karatasi ya udhamini wa mwajiri) ya kulea wazee Uingereza, ila rafiki yangu ananiambia nijifunze Kijerumani kwanza niombe Ausbildung, ungekuwa wewe ungeenda wapi?" Marahaba mdogo wangu. Nilianza kukujibu huko huko inbox nikaona jibu limekuwa gazeti, na wenye swali kama lako ni wengi, acha niliweke hapa wote wasome.

Kabla sijasema chochote, hiyo hela usitoe. Uingereza walishafunga kuchukua walezi wa wazee kutoka nje tangu tarehe 22 Julai 2025, yani mtu aliyeko Mbeya hawezi kupata viza mpya ya kwenda kulea wazee kule, haipo, iwe kwa milioni kumi na tano au kwa mia. Wauguzi wenye usajili bado wana njia yao, hiyo ni habari nyingine. Na hata enzi dirisha likiwa wazi, ile CoS ni mwajiri anaitoa kwa mfanyakazi wake, kuiuza ilikuwa kosa kisheria, ila tuliuziwa na tukanyamaza maana kila mtu alikuwa anataka aende. Kwahiyo huyo ajenti wako ama hajui ama anajua vizuri sana.

Haya, mimi Uingereza niliingia 2022, mwaka huo huo walipowaweka walezi kwenye viza ya afya, na mshahara wa chini kwa viza yetu ulikuwa pauni 20,480 kwa mwaka. Ukiupiga kwa shilingi ukiwa umekaa Moshi unaona umeshajenga. Nilifikia Leicester, na nitasema ukweli Leicester niliipenda. Lugha unaijua, hata kama Kiingereza chako ni cha shule ya kata unaelewana na watu siku ya kwanza, magari yanapita kushoto kama kwetu, na ukiumwa unaenda kwa daktari hulipi pale mlangoni. Alafu kuna Wahindi wa Afrika Mashariki, wale waliofukuzwa na Idi Amin 1972 wengi wao walikuja kutua pale. Kulikuwa na mzee mmoja ana duka upande wa Belgrave Road, mihogo ipo, ukwaju upo, unga wa sembe upo, siku ya kwanza nasimama nashangaa bei akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mwanangu, unatafuta nini?" Kazaliwa Jinja, hajawahi kurudi. Kila nikienda ananiwekea embe pembeni na kunipa habari za Jinja ya miaka ya sitini kama vile nimetoka huko jana. Hiki kitu Ujerumani sijakipata na sidhani kama ntakipata.

Kazi sasa. Watu wanasema kubeba boksi, sisi boksi letu lilikuwa linaongea. Yangu ilikuwa ya kuzunguka majumbani. Saa moja asubuhi uko mlangoni kwa bibi, pembeni ya mlango kuna kiboksi kidogo cha chuma kina namba za siri, unafungua unatoa ufunguo, unaingia, unabonyeza kwenye simu kwamba umefika maana ofisini wanakuona. Nusu saa. Ndani ya hiyo nusu saa umwamshe, umsafishe, umvalishe, umpe dawa na kuweka saini kwenye karatasi ya dawa, chai na tosti, uandike ripoti, uondoke. Alafu unaenda kwa mwingine, ambaye yuko mwendo wa dakika arobaini kwa basi, na hizo dakika arobaini hulipwi. Ukitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi ukarudi saa nne usiku, ukihesabu masaa yenye hela ni kama mtu aliyefanya kazi nusu siku. Mkataba wangu ulisema masaa 39 kwa wiki. Mwanzoni yalifika, alafu yakawa 25, alafu kuna wiki napewa 12, nikiuliza naambiwa wateja wamepungua, mara naambiwa mwenye gari ndo anapewa kipaumbele, wakati walionihoji walijua sina gari.

Na huwezi kuondoka. Hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Viza yako imefungwa kwa huyo mwajiri, ukitaka kuhama utafute mwingine mwenye leseni ya kudhamini akutolee karatasi upya. Mwajiri wangu alilijua hilo, tena alikuwa anatukumbusha kwenye vikao, kwa utani wa kizungu, ule wa kutabasamu. Nilikuwa na dada mmoja wa Kisumu tunashea naye chumba, aliambiwa wazi, "kama hujaridhika, unajua cha kufanya". Sijasahau ile sauti mpaka leo.

Mwaka uliofuata kampuni ikanyang'anywa leseni. Sisi hatukufanya kosa lolote ila tukaandikiwa barua, siku 60, upate mdhamini mwingine au uondoke. Siku 60, na mko mamia mnatafuta kazi ile ile kwenye mji ule ule, kila kampuni unayopiga wanakwambia tuma CV tutakupigia. Wengine walipata. Wengine wakabaki kinyemela, na sitawasema kwa sababu najua walichokopa kuja kule. Mimi nilikata tiketi nikarudi nyumbani, kichwa juu, na nikakutana na hayo maneno yenu ya kwenye magrupu.

Kwahiyo mtu akiniuliza nchi ipi nzuri, mimi siangalii mshahara kwanza, siangalii hali ya hewa, baridi ni baridi tu kote. Naangalia kitu kimoja, siku kazi ikiisha bila kosa lako, hiyo nchi inakupa muda gani. Uingereza nilipewa siku 60. Ujerumani, ukiwa kwenye Ausbildung na ikavunjika kwa sababu ambayo sio yako, sheria inakupa mpaka miezi sita utafute sehemu nyingine. Na huku napo kibali kimefungwa kwa mwajiri, asikudanganye mtu kwamba Ujerumani ni uhuru mtupu, ila miezi sita na siku 60 ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwenye miezi sita unalala usingizi, unaandika maombi yako vizuri, unahojiwa ukiwa umetulia. Nilipokuwa nasoma mambo ya Ujerumani nikiwa Moshi hicho ndo kipengele nilichokitafuta kabla hata ya kuuliza mshahara, na kilipatikana.

Nikaingia Goethe, taasisi inayofundisha Kijerumani, pale Upanga, Dar. Sitawachosha na habari za Kijerumani, nilisoma, nililia, nikafaulu B1, yani ngazi ya kati ya lugha, nikaomba mwenyewe bila ajenti nikapata hospitali. Kitu cha kuchekesha ni kwamba balozi zote mbili, ya Uingereza na ya Ujerumani, ziko jengo moja pale Dar, Umoja House. Siku ya kwenda kwenye Termin yangu, yani miadi ya viza, nikapita mlango ule ule nikasema Bwana wewe una utani.

Ujerumani mwanzo wake ni mgumu kuliko Uingereza, hilo nakubali bila kubishana. Ile B1 yako unaiacha uwanja wa ndege. Wazee wa Saxony, jimbo la huku Leipzig, wanaongea lafudhi yao, maneno yanaunganishwa kama hayana mwisho, wiki za kwanza nilikuwa naitikia tu kwa kichwa. Kwenye makabidhiano ya zamu asubuhi, saa kumi na mbili kamili, muuguzi wa usiku anasoma wagonjwa wote kwa kasi, presha, dawa, nani hajalala, nani kaanguka, nawe unatakiwa uandike, nilikuwa naandika namba za vyumba tu, mengine najaza kwa kuchungulia daftari la mwenzangu. Nikikosea hawakucheki, ila hawakubembelezi pia. Wanakurekebisha mbele ya watu alafu wanaendelea na kahawa, na ukishazoea unaona ni afadhali, maana kule nilikotoka niliambiwa "lovely, darling" kila siku na mshahara ukaja pungufu.

Alafu barua. Ujerumani kila kitu ni barua ya karatasi, kwenye boksi la posta. Ukifika tu unajiandikisha ofisi ya manispaa, na ukishajiandikisha barua zinaanza, bima, namba ya kodi, na ile ya redio na televisheni, euro 18.36 kila mwezi kwa nyumba hata kama huna TV. Usizitupe, wanangu, deni la huku halisahauliki. Na kwenye fomu ya kujiandikisha kuna sehemu wanauliza dini, ukiandika Mlutheri au Mkatoliki basi ukishaanza mshahara wa kueleweka unakatwa kodi ya kanisa, Saxony ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato. Kuna mkaka wa Kenya wodini kwetu, Mkatoliki, aliiona kwenye salary slip akadhani kaibiwa. Mimi niliandika Mlutheri na nalipa kwa moyo mweupe, kwetu ni Machame na wamisionari wa Leipzig walifika Machame 1893, kwahiyo kanisani hapa ukisema umetoka Kilimanjaro kuna bibi atakutajia mpaka parokia yako.

Hela je? Kwenye hospitali za umma mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa kwanza analipwa zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato, yani unalipwa kusoma. Nyumba za Leipzig bado zinaweza kupatikana ukilinganisha na Munich, ila jiandae, unaweza kupangishiwa nyumba haina jiko, nasema haina jiko kabisa, hata sinki limeng'olewa, aliyehama kaondoka nalo. Tiketi ya treni za kawaida, sio zile za kasi, na mabasi ya nchi nzima ni euro 63 kwa mwezi, Leicester hela hiyo ya nauli ilikuwa inakata nikiwa mji mmoja. Jumapili maduka yamefungwa, kama unga umeisha Jumamosi usiku basi utakula mkate.

Na ubaguzi upo kote, tusidanganyane. Saxony chama cha AfD, kile kinachopinga wahamiaji, ndo kiliongoza kwenye uchaguzi wa 2025, kuna mgonjwa aliwahi kukataa nisimshike mkono, sista wetu mkuu akamwambia basi utasubiri sana. Uingereza nako mnakumbuka Agosti 2024 ilivyochafuka kwa ghasia dhidi ya wahamiaji, rafiki zangu hawakutoka nje. Mtu asikwambie nchi flani hawana.

Kwa wale wa kusoma chuo, vyuo vingi vya umma Ujerumani havina ada ila unatakiwa kuonyesha euro 11,904 kwenye akaunti maalum kwa mwaka, Uingereza ada yenyewe ni balaa na juu yake unalipia huduma ya afya kabla hujapanda ndege. Wenye familia fikirini mara mbili, mlezi wa wazee Uingereza haruhusiwi kuleta mke au mume na watoto tangu Machi 2024, na huku kwa mshahara wa Ausbildung kumleta mwenzio ni ngumu mpaka umalize. Uraia Ujerumani unaomba baada ya miaka mitano, na tangu Juni 2024 hawakulazimishi kuacha wa kwenu, wenzetu Wakenya wanafaidi kwa sababu katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia pacha, sisi Watanzania bado tunaangaliana. Uingereza ukaazi wa kudumu ulikuwa miaka mitano na serikali yao inataka uwe kumi.

Wadogo zangu, acheni haraka. Naona mtu yuko tayari kuuza shamba la baba yake ili afike mwezi wa tatu, ila ukimwambia akae chini asome lugha mwaka mmoja anasema muda hautoshi. Muda upo. Somo la A1 mpaka B1 huwezi kumaliza kwa hela ya ajenti, ila ukiisha kuwa nayo hakuna kampuni itakayofungwa ikaondoka na Kijerumani chako. Uingereza niliingia na karatasi ya mtu, hapa nimeingia na kichwa changu. Nasema kwa kujidai na nina haki ya kujidai.

Mdogo wangu wa Mbeya, milioni zako weka kwenye ada ya lugha na nauli ya kuja Dar kufanya mtihani. Madarasa mengi ya uuguzi huku yanaanza Aprili au kati ya Agosti na Oktoba, maombi unatuma karibu mwaka mzima kabla, na barua ya maombi uandike mwenyewe kwa Kijerumani chako kibovu, wanajua ikiandikwa na mashine. CV msinitumie mimi, sina nafasi za kugawa, ila swali la sarufi ntajibu Jumapili maana maduka yamefungwa.