Kabla ya kuandika kwenye /dev/sdb, hakikisha ni ya nani

"Fundi, picha zipo au hazipo?" Mama wa watu kasimama mlangoni pa kibanda changu hapa Mwembe Tayari, nami nimeshauandika mfumo endeshi wa Linux juu ya picha za harusi ya bintiye.

Kosa lilikuwa herufi moja. Kwenye Linux, kama kwenye Unix, mfumo mkongwe wa kina Ken Thompson na Dennis Ritchie, diski huonekana kama faili ndani ya saraka ya /dev. Programu huifungua, husoma, huandika, hufunga, basi. Ndiyo maana amri ndogo kama dd yaweza kunakili diski nzima. Na ndiyo maana haikuniuliza kitu nilipoiambia of=/dev/sdb, yaani andika kwenye sdb: kwake ilikuwa faili ya kuandikwa, na mimi nilikuwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote.

Flashi yangu nilizoea kuiona ikiwa sdb. Siku hiyo diski ya mama ilitangulia kuchomekwa, ikachukua sdb, flashi ikawa sdc. Herufi hizi ni kama viti vya matatu, aliyetangulia ndiye akaaye.

Andika ls -l /dev/sdb uone. Mstari unaanza na b, yaani kifaa cha kusomwa kwa mafungu, na pale ungetarajia ukubwa wa faili pana namba mbili: 8, 16. Ya kwanza huiambia kerneli, moyo wa mfumo, ni draiva ipi (programu inayokiendesha kifaa), ya pili ni kifaa kipi. Faili yenyewe haina kitu ndani, ni mlango tu. /dev/null huanza na c, yaani kifaa cha kusomwa herufi moja moja, namba zake 1, 3. Ukitupa kitu humo usikitafute. (Kadi ya mtandao nayo usiitafute kwenye /dev, haimo.)

Siku hizi sigusi dd kabla ya lsblk -o NAME,SIZE,MODEL, amri inayoorodhesha diski kwa jina, ukubwa na modeli. Kisha natumia jina refu lililo ndani ya /dev/disk/by-id, lenye modeli na namba ya utambulisho ya kiwandani (serial). Linachosha kuandika, lakini halihami.

Gigabaiti za mwanzo zilikwenda na maji. Zilizobaki nilizivuta kwa PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizopotea, picha mia kadhaa zisizo na majina, sufuria za pilau zikichanganyika na wageni. Mama akaketi kuzikagua moja moja, kimya. Alipomfikia bintiye akipakwa hina, ndipo akaniomba maji ya kunywa.