Kabla hujalipia kipimo cha damu cha saratani ya koo

Hapa Nairobi ukiota tezi shingoni, hukosi mtu wa kukwambia, "Nenda maabara upimwe damu, siku hizi kuna kipimo cha saratani ya koo." Kipimo kipo kweli. Ila karatasi inayotoka huko yaweza kukuliza bure, au ikakutuliza huku ugonjwa unaendelea.

Yalimpata shemeji yangu wa Kayole. Sikio la kushoto lilianza kuziba, akapewa dawa ya matone. Kisha ikaota tezi chini ya sikio lilo hilo, ngumu, isiyouma hata ukiibonyeza. Zahanati moja ilimpa antibaiotiki, nyingine ikashuku TB ya tezi. Mwishowe mwenzake wa kazini akamwelekeza kwenye maabara fulani mjini. Usiku dada yangu akanitumia picha ya majibu kwa WhatsApp: "EBV IgG: chanya". Hakuna maelezo wala jina la daktari, muhuri tu. Nyumba nzima haikulala.

Kumbe jibu hilo halikuwa na habari yoyote ya saratani. Virusi vya Epstein-Barr (ndivyo EBV) wanavyo zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani, na wengi wetu tulivipata tukiwa watoto bila kujua. IgG ni aina ya kingamwili, yaani chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, na ni alama kwamba mwili wako ulishakutana navyo. Ningepimwa mimi, na wewe unayesoma, kuna uwezekano mkubwa tungepata chanya vilevile.

Kingamwili ambazo madaktari wanazifuatilia kwa saratani ya nyuma ya pua, pale juu kooni, ambayo inahusishwa na virusi hivi, ni za aina ya IgA, na zinalenga protini maalumu za virusi hivyo. Nairobi yetu imo katika historia ya jambo hili: Peter Clifford, daktari wa upasuaji wa masikio, pua na koo aliyefanya kazi hapa, alikuwa miongoni mwa watafiti waliochapisha mwaka 1966 matokeo ya kingamwili za virusi hivi katika damu ya wagonjwa. Kusini mwa China, ambako saratani hii imeenea sana, watu wasio na dalili hupimwa damu ili wanaoshukiwa wachunguzwe mapema. Utafiti uliotoka huko mwaka 2023, wa watu karibu 25,000, ulionyesha kipimo kipya cha kingamwili kilichowanasa takriban 98 kati ya kila wagonjwa 100. Hata hivyo, kati ya kila watu kumi walioonekana chanya, ni mmoja hivi tu aliyekutwa na saratani. Basi hata kipimo bora kabisa kinakuambia nani aangaliwe zaidi. Hakimwambii mtu kwamba anaumwa.

Usichanganye pia na virusi vya HPV, vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Hivyo navyo huleta saratani ya koo, hasa kwenye tonsili na shina la ulimi. Watafiti wamekuta kingamwili za protini yake iitwayo E6 katika damu ya baadhi ya watu zaidi ya miaka kumi kabla ya ugonjwa kugunduliwa. Inatia moyo sana, lakini bado ni kazi ya utafiti.

Kilichomsaidia shemeji ni daktari wa masikio, pua na koo. Alimpulizia dawa ya ganzi puani, akaingiza mrija mwembamba wenye kamera, nyembamba kuliko kalamu. Kwenye skrini tukaona nyama iliyovimba nyuma ya pua, upande wa sikio lililoziba. Akapangiwa siku ya kutolewa kipande cha nyama kikapimwe, na hicho ndicho kilichotoa jibu. Baada ya hapo ikaja skani, kisha mionzi pamoja na kemo. Kabla ya mionzi alipelekwa kwa daktari wa meno kwanza, kwa sababu mionzi hukausha mate na jino bovu huleta taabu kubwa baadaye. Wengi hawaambiwi hili, kwa hiyo uliza.

Kwa hiyo tezi ya shingo ikipita wiki mbili au tatu bila kupungua, sikio moja likiziba kwa mtu mzima bila mafua, pua ikitoa damu mara kwa mara upande mmoja, au ukaanza kuona vitu viwili viwili, omba barua ya rufaa uende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hata kama majibu ya damu ni hasi. Tena ukiwa unatibiwa TB ya tezi na tezi haipungui, uliza kama kipande cha nyama kilishapimwa.

Na kama bado unataka kipimo cha damu, labda kwa kuwa mzazi au ndugu yako aliugua saratani hii, muulize mhudumu wa maabara kabla hujatoa pesa: mnapima kingamwili gani, IgG au IgA? Za virusi gani? Na majibu nitampelekea daktari yupi? Akishindwa kujibu, pesa hiyo iweke kwa ajili ya kamera.