"Amenuna" kwa Kiingereza ni neno lipi?

Kwa wanafunzi wengi wa Kiingereza hapa Kigoma, kila aliyenuna ni "moody". Hapo tafsiri inaharibika. "Moody" ni tabia: asubuhi anacheka nawe, mchana hata salamu haitikii, na hujui kesho ataamkaje. Kama amenuna leo tu, Waingereza husema "he is in a mood". Ukiandika "he is moody" umeshamchafulia mtu jina.

Mtazame mtoto wa Ujiji aliyekatazwa kwenda ziwani kuogelea. Kakaa barazani, kaupa mgongo ugali na migebuka, mdomo kaubinua, lakini jicho la pembeni linachungulia kama mama anamwona. Huyo "is sulking". Neno hili lina aliyemkosea, na lina anayetakiwa kuona. Anayenuna hivi anasubiri kubembelezwa. Liko karibu sana na kususa, ila kuzira chakula hakumo ndani yake. Ongeza "and won't eat", la sivyo msomaji atadhani mtoto ananuna huku anakula. Na "sulk" ni kitenzi, kwa hiyo "he is sulk" ni kosa; sema "he is sulking" au "he is sulky". Neno hilo lina harufu ya utoto. Ukimpa mzee wa watu, umemdharau.

"Sullen" ni zito zaidi. Asili yake ni neno la Kifaransa cha zamani lenye maana ya kuwa peke yako, na upweke huo bado umo. Huyu hataki kubembelezwa. Ukimwambia pole, anakuangalia tu, au anajibu "sawa" na kunyamaza. Hata anga lililofunga wingu zito juu ya Ziwa Tanganyika, Mwingereza anaweza kuliita "sullen".

Akifungua mdomo na maneno yakatoka na miiba, hilo ni "surly". Unamuuliza mchuuzi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi bei kwa mara ya pili, anakukatia: "Kama huna hela, pita!" Wengi huchanganya "surly" na "sullen" kwa sababu ya sauti zao kufanana. Sikiliza kama mtu anajibu kwa ukali au ananyamaza.

"Grumpy" ni jepesi, hata kwa rafiki unaweza kulisema usoni: hajalala vizuri, au ana njaa, na chai ikishashuka yamekwisha.

"Glum" mliondoe kabisa kwenye kununa. Aliye "glum" hana ugomvi na mtu. Amenyong'onyea, kama shabiki anayetoka uwanjani timu yake imefungwa.