Kituo changu kimenipa ufadhili wa masomo, lakini baba watoto anaogopa mkataba

SWALI: Shikamoo Shangazi. Ninaishi Greensboro, North Carolina, na ninafanya kazi ya kulea watoto wadogo katika kituo chenye leseni, kwa malipo ya dola 14 kwa saa. Mume wangu alitangulia kuja hapa zaidi ya miaka miwili iliyopita kwa ajili ya kazi ya ghala. Mimi na watoto wetu wawili tulibaki Houston, tukamfuata miezi tisa iliyopita. Sote tuna kadi za ukaazi wa kudumu. Mkurugenzi wa kituo ameniambia kwamba yuko tayari kunidhamini nipate ufadhili wa T.E.A.C.H., ili nianze masomo ya malezi ya watoto katika chuo cha jamii muhula wa Januari, ila anataka jibu Ijumaa ijayo. Mume wangu anasema kwamba fedha zote za chuo hapa Marekani ni mkopo uliovishwa nguo nzuri, na kwamba nikisaini nitakuwa nimejifunga kwa mwajiri. Rafiki yangu naye ananishauri nichukue mkopo wote wa wanafunzi ninaostahili, nilipe ada, na kitakachobaki ninunue gari. Juu ya hayo, kituo kingine kimeniahidi dola 15 kwa saa. Hatuna akiba, na kila mwezi tunatuma fedha nyumbani kwa wazazi wa pande zote mbili. Nifanye nini? Mlezi, Greensboro.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika barua yako nyote watatu, wewe, mume wako na rafiki yako, mnabishana kuhusu ada, na hapo ndipo ninapotaka kukusogeza kidogo, kwa sababu kwa mtu aliye katika hali yako ada ndiyo sehemu nyepesi ya mzigo. Kinachowatoa walezi wengi chuoni kabla ya kumaliza ni saa: saa za kuhudhuria, saa za kusoma, na saa ambazo mtoto wako mwenyewe anahitaji mtu wa kukaa naye wakati wewe uko darasani. Kwa hiyo ufadhili huu usiupime kwa ada peke yake.

Tufanye hesabu pamoja. Vyuo vya jamii vya North Carolina hutoza mkaazi wa jimbo dola 76 kwa kila krediti, yaani kipimo cha uzito wa kozi. Kozi ambayo kwa kawaida mlezi huanza nayo ni EDU 119, yaani utangulizi wa elimu ya watoto wadogo, nayo ina krediti 4. Ada yake basi ni dola 304, ukiacha vitabu na tozo ndogondogo. Mpango wa T.E.A.C.H., ambao ulianzia katika jimbo hilohilo lako mwaka 1990 kabla ya kusambaa katika majimbo mengine, huwagawia gharama watu watatu: mfuko wa ufadhili hubeba sehemu kubwa, mwajiri hubeba sehemu ndogo, nawe hubeba sehemu ndogo. Viwango halisi utavikuta katika mkataba wako, lakini tuseme mfuko unalipa asilimia 80, kituo asilimia 10 na wewe asilimia 10. Sehemu yako kwa kozi hiyo itakuwa dola 30 na senti 40. Sasa angalia upande wa pili. Ufadhili huu una kipengele cha saa za ruhusa zenye malipo, maana yake unalipwa mshahara wako wa kawaida kwa saa kadhaa kila wiki ambazo hufanyi kazi, bali unasoma. Tuseme ni saa 3 kwa wiki katika muhula wa wiki 16: hizo ni saa 48, na kwa dola 14 kwa saa zina thamani ya dola 672. Ni zaidi ya mara mbili ya ada yote ya kozi.

Hilo ndilo la kumwuliza mkurugenzi, tena umwulize kwa undani, kwa kuwa saa za ruhusa ni rahisi kuandikwa na ni ngumu kutolewa. Wewe unajua kuliko mimi jinsi chumba cha watoto wa mwaka mmoja kinavyokuwa baada ya chakula cha mchana, huyu analia, huyu amelala, yule anahitaji kubadilishwa nepi. Sheria za leseni za jimbo lako haziruhusu mlezi mmoja kubaki na zaidi ya watoto 6 wa umri huo, na kwa hiyo huwezi kuondoka mpaka mtu mwingine awe amesimama mahali pako. Mwulize mkurugenzi ni siku gani na saa ngapi utatoka, ni nani atakayeshika chumba chako, na itakuwaje siku ambayo huyo mtu hakuja kazini. Akikujibu kwa jina na siku, amelifikiria jambo hili. Akikujibu kwamba mtaona mbele ya safari, mimi ningeanza kuwa na wasiwasi, hata kama ni mtu mwema na nia yake ni njema.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo umelipitia haraka, nalo lingeweza kukugharimu kuliko mengine yote. Unasema umekaa North Carolina miezi tisa. Ili utozwe ada ya mkaazi, jimbo hutaka kwa kawaida uwe umeishi huko miezi 12 ukiwa na nia ya kubaki, na uamuzi huo haufanywi na chuo bali na ofisi ya jimbo inayopima ukaazi wa wanafunzi, ambayo hukupa namba ya kuthibitisha ukaazi. Asiye mkaazi hutozwa dola 268 kwa krediti, na kozi ileile ya dola 304 inakuwa dola 1,072. Hata hivyo, utaratibu huo unamruhusu mtu aliyeolewa, ambaye naye ameshafanya North Carolina kuwa makazi yake, kutumia muda wa ukaazi wa mwenzi wake pale ambapo muda wake mwenyewe haujatimia. Mume wako ana zaidi ya miaka miwili. Jaza fomu hiyo ya ukaazi mapema, kabla ya kuomba nafasi chuoni, mkiwa mmeweka mezani leseni yake ya udereva, fomu zake za kodi ya jimbo, mkataba wa nyumba na cheti cha ndoa. Kwa maneno mengine, mtu anayeyaogopa masomo yako ndiye huenda akakupunguzia ada kwa theluthi mbili na zaidi, na nadhani ni vizuri alisikie hilo kutoka kwako kwa furaha, si kwa kumshinda.

Kuhusu hofu yake ya mkopo, mume wako amechanganya vitu viwili ambavyo hata wenyeji huvichanganya. Ukijaza fomu ya FAFSA, yaani fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa fedha za masomo, ambayo hujazwa bure, unaomba kwa pamoja ruzuku na mkopo, ndiyo maana watu hudhani ni kitu kimoja. Ruzuku ya Pell, ambayo serikali kuu huwapa wanafunzi wenye kipato kidogo, hairudishwi ukisoma hadi mwisho wa muhula. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 ni dola 7,395, na anayesoma krediti chache hupata kwa uwiano wa krediti zake. Mkopo ni jambo jingine: chuo kinachoutoa hukuuliza kama unaukubali au unaukataa, na baadhi ya vyuo vya jamii vya North Carolina havitoi kabisa mikopo ya serikali kuu. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuomba. Ikiwa wewe na mume wako huwasilisha kodi kwa pamoja, taarifa zake huingia kupitia fomu yako. Ikiwa kila mmoja huwasilisha peke yake, yeye pia atatakiwa kufungua akaunti yake ya FAFSA mtandaoni na kutoa idhini ya kutumia taarifa zake za kodi, na bila idhini hiyo hutapata kitu. Kaeni pamoja mnapoijaza. Wala msimlipe mtu yeyote kuwajazia, hata akiwa jirani mnayesali naye.

Uliza pia jinsi ufadhili na ruzuku vinavyopangwa, kwa kuwa mara nyingi ruzuku hutumika kwanza na ufadhili hujaza pengo. Ruzuku ikiizidi ada, chuo hukurudishia salio, nalo ni halali yako kulitumia kwa mafuta ya gari, chakula au mtu wa kukaa na watoto jioni. Lakini sehemu yoyote ya ruzuku au ufadhili ambayo haikwenda kwenye ada, tozo za lazima na vitabu huhesabiwa kuwa kipato katika kodi, posho ya usafiri ikiwamo. Weka risiti zako zote mahali pamoja, pamoja na fomu ya 1098-T, yaani taarifa ya ada na ufadhili kwa ajili ya kodi, kama chuo kitakutumia mwanzoni mwa mwaka. Na ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, ambayo kwa wiki 16 ni karibu na wiki ya kumi, sehemu ya ruzuku hudaiwa irudishwe. Nimeona familia zikishtushwa na bili hiyo wakati fedha zimeshatumwa nyumbani. Salio la ruzuku lisiguswe hadi wiki hiyo ipite, na wazazi wa pande zote mbili waambiwe mapema kwamba ni fedha ya shule, ili isihesabiwe kama mshahara umeongezeka.

Rafiki yako nitamjibu kwa ufupi. Mkopo wa wanafunzi wa serikali kuu hutolewa kwa anayesoma angalau nusu ya mzigo kamili, ambao chuoni ni krediti 6, kwa hiyo ukianza na kozi moja ya krediti 4 hata huustahili. Ukiongeza kozi ili tu ustahili, utakuwa umenunua gari kwa deni ambalo, kwa aina moja ya mkopo, riba yake huanza kuhesabiwa tangu siku fedha zinapotoka, tena ukiwa na masomo mengi kuliko saa zako. Usifanye hivyo.

Sasa mkataba. Hapa mume wako ana hoja ya kweli, wala usimwambie kwamba anaogopa bure. Ufadhili huu hufungamana na ahadi ya kubaki katika kituo kinachokudhamini kwa kipindi fulani baada ya kumaliza krediti za mwaka huo, na kipindi hicho mara nyingi ni mwaka mmoja. Kwa upande wao, wanakupa bonasi au nyongeza ya mshahara unapotimiza sehemu yako. Soma kwa makini idadi ya krediti unazotakiwa kumaliza, kiasi cha bonasi na tarehe ya kulipwa kwake, pamoja na kinachotokea ukiondoka kabla ya muda. Kisha uliza yale ambayo pengine hayakuandikwa: itakuwaje kituo kikifungwa, ukiachishwa kazi, ukipata ujauzito, au mume wako akihamishiwa ghala la mji mwingine. Uliza pia ni nani anayelipa chuo siku ya kwanza na nani anayesubiri kurudishiwa, kwa kuwa mtu asiye na akiba anaweza kukwama kwa ajili ya kitabu kimoja.

Dola 15 za kituo kingine si jambo la kudharau. Dola moja zaidi kwa saa, kwa saa 40 kwa wiki mwaka mzima, ni dola 2,080 kabla ya makato, wakati ada ya krediti 12 kwa mwaka ni dola 912 tu, na huenda Pell ikailipa yote. Anayekwambia kwamba ufadhili unakulipa zaidi kwa fedha taslimu katika mwaka wa kwanza hajapiga hesabu. Unachopata ni muda wenye malipo, mshauri wa kukuongoza chuoni, na kiwango cha elimu kinachokufungulia nafasi ya mwalimu kiongozi. North Carolina ina pia mpango wa WAGE$, unaowapa walezi katika kaunti zinazoshiriki nyongeza ya kipato kulingana na elimu yao na kudumu kwao katika kituo kimoja. Uliza kama kaunti yako imo, kwa kuwa jibu hilo linabadilisha uzito wa ile ahadi ya mwaka.

Uamuzi wangu ni huu. Mkurugenzi akiziandika saa za ruhusa kwa siku na saa, na masharti ya kuondoka yakiwa ya haki, baki naye uchukue ufadhili, uanze na kozi moja tu. Akishindwa kuziandika, nenda kwenye dola 15, usome kozi hiyohiyo moja kwa Pell, bila kufungwa na mtu, kisha umwulize mwajiri mpya kama yeye naye hudhamini.

Na kuhusu Ijumaa: mwombe nakala ya mkataba leo, uisome na mume wako, na umwambie mkurugenzi kwamba jibu lako linategemea nakala hiyo na uamuzi wa ofisi ya ukaazi. Akikutaka usaini Ijumaa bila kukupa nakala, mwambie kwa adabu kwamba muhula huu utapita. Muulize tarehe ya mwisho ya maombi ya muhula unaofuata. Wakati huo utakuwa umetimiza miezi 12 yako mwenyewe.