Rimu zako zimekuwa nyeusi? Weka chini stilwaya kwanza

Pita sehemu yoyote wanapoosha magari hapa Mtwara, iwe Mikindani au mjini, utamkuta kijana amechuchumaa kwenye tairi la mbele akisugua rimu kwa stilwaya na sabuni ya unga. Bodi ya gari inapanguswa kwa adabu na kitambaa laini, rimu inaadhibiwa. Mwenye gari yuko kwenye benchi, karidhika kabisa, maana povu linatoka jeusi. Asichokiona ni kwamba vanishi ya rimu yake nayo inaondoka pamoja na lile povu.

Vumbi letu la barabarani linajulikana, ni jekundu, na maji tu yanalitoa. Ule weusi unatoka kwenye gari lenyewe. Ukikanyaga breki, pedi zinabana diski, na diski ni ya chuma. Pedi inalika, diski nayo inalika kidogo kidogo, na unga unaotoka hapo una chembe za chuma, tena za moto. Zinarukia rimu na kujishika. Rimu za mbele huwa nyeusi zaidi kwa sababu gari likifunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele, na breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi. Tena magari mengi madogo tunayoagiza Japani, Probox kwa mfano, nyuma yana drami, yaani breki zilizofunikwa ndani ya ngoma ya chuma, kwa hiyo unga wa nyuma unabaki umefungiwa humo.

Sasa chukua chembe za chuma, zimwagie umande wa usiku na hewa ya chumvi ya Bahari ya Hindi. Unajua kinachofuata. Vumbi la breki likiachwa wiki kadhaa linaota kutu likiwa limeganda juu ya vanishi, na hapo ndipo unaanza kuona vidoa vya rangi ya chungwa ambavyo sabuni haivigusi. Mtu wa Dodoma anaweza kuzembea mwezi mzima na rimu zikabaki salama. Sisi wa pwani hatuna nafasi hiyo. Hata gari lisilotembea halisalimiki: likilala nje, asubuhi diski zina utandu wa kutu, na breki za kwanza za siku hiyo zinaukwangua na kuurusha kwenye rimu.

Kwa hiyo, badala ya kutafuta dawa kali, mimi naosha mapema. Kila wiki, na kila nikitoka safari yenye milima. Ukishuka kutoka Newala kuelekea Masasi, ule ukingo wa uwanda wa Makonde unakula breki kweli kweli, hasa ukiwa nyuma ya lori la korosho linalotembea kwa kujihurumia.

Kwanza rimu zipoe. Hili naona watu wengi hawalijali: mtu katoka Lindi mchana, kilomita mia na ushee, anaingia moja kwa moja kwenye maji. Diski ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inaweza kupinda, halafu sabuni inakauka kwenye rimu kabla hujaisuuza. Subiri. Kunywa hata kahawa. Asubuhi au jioni, chini ya kivuli cha mwembe, ndio wakati wake.

Anza na maji mengi bila kugusa chochote, ili mchanga na unga uliolegea viondoke. Kisha shampuu ya gari kwenye ndoo ya peke yake, na kitambaa cha peke yake. Kitambaa kilichogusa rimu kisirudi kwenye bodi hata siku moja, kwa sababu kimebeba chembe za chuma na kitachora mistari kwenye rangi. Kwenye matundu ya nati na nyuma ya spoku natumia brashi laini ya kupakia rangi. Ni rahisi, na inafika kusikofika kidole. Kama maji yako ni ya kisima, haya yetu yenye ladha ya chumvi, futa rimu kwa kitambaa kikavu mara moja. Yakikauka yenyewe yanaacha madoa meupe. Ukimaliza, endesha kidogo ukigusa breki ili diski zikauke kabla hujalaza gari.

Usipulizie vumbi la breki kwa kompresa. Ni unga mwembamba unaoingia ndani kabisa ya mapafu, na pedi za zamani zilikuwa na asbesto. Lilowanishe kwanza, basi.

Kuna wanaotumia maji ya betri, au dawa ya kuoshea choo. Ndiyo, rimu inang'aa siku hiyo. Lakini asidi inakula vanishi, ikifika kwenye alumini inaiacha na mabaka ya kijivu, na hayo hayatoki ila kwa kupaka upya. Kama vidoa vya kutu vimeshajishika, ipo dawa maalumu ya kuondoa chuma. Unaipulizia kwenye rimu iliyopoa, nje ya jua, unaiacha dakika chache, na kila palipo na chuma inageuka zambarau. Usiiache ikauke, suuza kwa maji mengi. Vaa glavu, na waonye walioko nyumbani mapema, maana inanuka kama mayai viza. Mimi huagiza Dar na chupa moja inakaa muda mrefu, kwa sababu ni ya mara chache tu. Baada ya hapo paka nta ya gari kwenye rimu safi na kavu. Vumbi la safari inayofuata litatoka kwa maji na kitambaa.

Kuhusu pedi: zile zenye chuma kingi hutoa vumbi jeusi zaidi, za seramiki hutoa kidogo na la rangi hafifu. Za seramiki ni ghali, na kwa gari la kuzunguka mjini sioni haja ya kujitesa. Kwenye mteremko teremsha gia, hata gari la otomatiki mara nyingi lina gia ndogo, 2 au L. Utapunguza vumbi, na breki hazitachemka.

Ila kabla hujamwaga maji, zitazame rimu zote kwanza, kwa sababu zina habari. Kulia na kushoto zinatakiwa zifanane. Moja ya mbele ikiwa nyeusi kupita mwenzake, na baada ya safari ina joto kuliko mwenzake, huenda kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, imekwama na pedi haiachii diski. Hapo utakuwa unachoma mafuta na pedi bila kujua. Moja ikiwa safi mno, nayo usiifurahie, pengine breki ya upande huo haishiki. Ukiona vipande vinavyometameta pamoja na sauti ya chuma kukwaruza, pedi imekwisha na diski inaliwa. Mwambie fundi apime, na pedi ikibaki milimita 3 badilisha tu.

Weusi wa kunata uliorushwa upande wa ndani wa rimu ni grisi, maana yake mpira wa ekseli umepasuka. Huo unaweza kukufikisha gereji. Lakini ukikuta umajimaji unateremka upande wa ndani wa tairi, na mafuta ya breki kwenye kichupa chake yamepungua, usioshe na usiwashe gari. Mpigie fundi aje hapo hapo lilipo.