Swali la taa za barabarani: limewaonea watoto wa visiwani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha hisabati Ukerewe na nimo kwenye kamati ya mtihani wa moko wa darasa la saba. Safari hii tulishirikiana na shule kadhaa za Mwanza mjini. Swali la 23 lilihusu mzunguko wa taa za barabarani: nyekundu sekunde 40, njano 5, kijani 35, zitawaka nyekundu mara ngapi ndani ya dakika 20? Wa mjini walipata asilimia 59, wa kwetu 34. Wenzangu wanataka kila swali lenye pengo la zaidi ya 15 liondolewe kabisa. Je, ni sahihi? Nimeambatisha alama za watoto wote 300, swali kwa swali.

JIBU: Mwalimu, swali la 23 nalitilia shaka kama wewe, lakini kanuni ya wenzako siikubali.

Mtoto anaweza kukosa swali kwa sababu hajafundishwa, au kwa sababu swali linamdai kitu ambacho si hisabati. Pengo tupu la asilimia halitenganishi hayo mawili. Mkifuta kwa pengo, maswali ya sehemu na desimali yatatoka karibu yote, na moko itawaambia wazazi wa Ukerewe kwamba mambo ni shwari wakati walimu wa hisabati hawatoshi. Kanuni ya 15 imeshajaribiwa. Mwaka 1984 huko Marekani, taasisi ya mitihani ya ETS na kampuni ya bima ya Golden Rule, baada ya kesi kuhusu mtihani wa mawakala wa bima wa Illinois, walikubaliana kupanga maswali kwa kuangalia pengo la namna hiyohiyo kati ya weusi na weupe. Mwaka 1987 rais wa ETS mwenyewe alikiri kwamba makubaliano yale yalikuwa kosa.

Kinachotakiwa ni kulinganisha watoto waliolingana. Watafiti Mantel na Haenszel walitoa hesabu yake mwaka 1959 wakichunguza magonjwa, kisha mwaka 1988 watafiti wengine, Holland na Thayer, wakaileta kwenye mitihani. Huhitaji programu yoyote, kikokotoo kinatosha.

Nimewapanga watoto wako ngazi tatu kwa jumla ya alama zao. Ngazi ya kati ina 80 wa mjini, waliopata swali la 23 ni 48 na waliokosa 32. Wa visiwani ni 40: wamepata 16, wamekosa 24. Kumbuka hawa wote wana jumla zinazokaribiana. Zidisha waliopata mjini kwa waliokosa visiwani, gawanya kwa watoto wote wa ngazi: 48 mara 24, gawa kwa 120, ni 9.6. Kisha kinyume chake: 32 mara 16, gawa kwa 120, ni 4.27. Rudia ngazi ya chini (mjini wamepata 10 kati ya 50, visiwani 5 kati ya 50) na ya juu (54 kati ya 60, na 16 kati ya 20). Ukijumlisha kila upande unapata 16.8 na 7.47. Gawanya: 2.25. Swali lisilo na upendeleo lingetoa 1 au jirani yake.

ETS huchukua logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo) ya namba hiyo na kuizidisha kwa −2.35. Hapa ni −1.91. Isiyofika 1, bila kujali alama ya kutoa, huwekwa kundi A, haisumbui. Ya 1.5 na kuendelea ni C, lakini sharti ithibitike kitakwimu kwamba inazidi 1, na hapa ndipo wengi huteleza. Kwa watoto 300, kosa sanifu la −1.91 hiyo, yaani kiasi inachoweza kuyumba kwa bahati tu, ni kama 0.7, kwa hiyo hilo halithibitiki na swali linabaki B, kundi la katikati. Ongeza shule, tumia ngazi nyingi zaidi (tatu ni chache mno, nimefanya hivyo ili ufuate hesabu), halafu upige upya.

Sasa tazama swali la 31, ambalo hakuna aliyelilalamikia kwa kuwa pande zote zimepata karibu sawa. Linataka mtoto ahesabu usiku wa kuvua dagaa ndani ya mwezi, na halisemi popote kwamba mbalamwezi ikikolea wavuvi hawaingii ziwani. Ngazi kwa ngazi, wa visiwani wako mbele kila mahali. Hapo aliyeonewa ni mtoto wa mjini, wa Nyamagana, na kanuni ya 15 ingempita bila kumwona.

Ukipata maswali yenye dosari, yatoe kwenye jumla ya alama, upange ngazi upya na kurudia hesabu, maana jumla yenye maswali hayo nayo imepinda. Swali unalolichunguza wakati huo libakize ndani. Hesabu hii pia haioni vizuri swali linalowaonea wanyonge wa upande mmoja na wenye uwezo wa upande wa pili. Kwa hilo kuna njia nyingine ya kitakwimu, rigresheni ya lojistiki, tutaongea siku nyingine.

Namba haisemi kwa nini. Niliwahi kumsomesha mtoto wa kisiwani swali la taa za barabarani kama lile la 23 kwa sauti, akaniuliza, "Kwani hizo taa wanaziwasha mchana?" Kwao taa ni ya dagaa, huwashwa giza likiingia, na muda wote ule alikuwa akitoa saa za mchana kwenye hesabu yake. Kugawanya alikuwa anakujua vizuri. Kwa hiyo nitumie pia majibu waliyochagua waliokosa, a, b, c au d, upande kwa upande. Kama wa kwenu wamerundikana kwenye jibu moja, tutajua ni maneno gani ya kubadilisha.