TV ina sauti lakini haina picha? Usiitupe bado

Umeuliza kama hizi TV bapa za siku hizi mtu anaweza kuzitengeneza kwa nyumba ama fundi akisema imeisha ndio imeisha. Inategemea nini imekufa. Yangu ya inchi 43 niliifungua mwenyewe hapa Umoja, Nairobi, na bado tunaangalia taarifa ya saa moja nayo.

Kama kioo kimepasuka, achana nayo. Paneli mpya bei yake iko karibu na TV nzima, afadhali uuzie mafundi wa barabara ya Luthuli kule tao watoe bodi za spea.

Lakini kama sauti iko na picha hakuna, ngoja kwanza. Usiku zima taa za nyumba, washa TV, halafu sogeza tochi ya simu karibu na kioo ukiinamisha kidogo. Ukiona watu wakitembea kwa umbali kama vivuli, kioo ni kizima, shida ni baklaiti, yaani taa za nyuma ya kioo. Kule nyuma kuna stripu za vitaa vya LED vimeungwa mfululizo, kimoja kikikatika laini yote inazima, na TV nyingi bodi ikishaona kuna kasoro inakata zote, ndio maana ukiwasha picha inatokea kidogo tu halafu giza. Yangu ilifanya hivyo hivyo, na fundi wa mtaa akaniambia ni paneli bila hata kugusa skrubu, sijui alionea wapi.

Stripu usiende kununua na inchi peke yake mdomoni. TV mbili za 43 za kampuni moja zinaweza kuwa na stripu tofauti kabisa, kwa hivyo fungua kwanza, beba ile ya zamani, hesabu vitaa na ujue ni vya volti 3 ama 6. Badilisha seti yote ju hivyo vingine vimechoka pamoja na kile kilichoungua.

Sasa kazi yenyewe, umeme si ndio ngumu, ngumu ni kutoa kioo. Pembeni kina vile viutepe vyembamba vinaenda kwa bodi, ukivuta kimoja vibaya unapata mistari kwa skrini na hiyo kwa nyumba hutengenezi. Tafuta mtu wa pili, kila mmoja ashike upande wake, mkilaze kwa godoro lenye shuka safi. Ndani ya TV, pale kioo kilikuwa, kuna karatasi nyeupe za kusambaza mwanga, zirudishe kwa mpangilio ule ule na usizishike katikati, alama ya kidole utaiona kila ukiwasha.

Na tafadhali, kwa bodi ya pawa kuna kapasita kubwa, kile kifaa cha kuhifadhi umeme, inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa waya. Ngoja, pima na multimita, ile mashine ndogo ya kupima umeme, uone volti zimeisha ndio uguse. Ukikuta kapasita imevimba kichwa hiyo ni kazi rahisi ya solda, mradi volti isipungue ile ya kwanza na ujazo, ile namba ya µF, uwe ule ule. TV ikikwama kwa logo nayo mara nyingi ni programu ama memori ya bodi kuu, pelekea fundi mwenye mashine ya kuandika programu upya.

Ikiwaka, ingia setingi ushushe baklaiti, nyingi hutoka dukani ikiwa juu sana na joto ndilo huua hivyo vitaa. TV gadi, kile kifaa cha kukinga TV na umeme mbaya, pia nunua, unajua stima yetu ikirudi vile huja.

Jaribu tochi leo usiku uniambie umeona nini, na uandike modeli iliyo kwa kibandiko cha nyuma.